Samaki mbichi wa ndimu na pilipili, nile au nisile?

SWALI: Shikamoo dokta. Mume wangu alikuwa Lima kule Peru kikazi, karudi na wazimu wa seviche, yani samaki mbichi wa vipande unamwagia ndimu, pilipili kali na kitunguu unakula hivyo hivyo. Anadai ina afya kuliko samaki wa kukaanga na eti ndimu inaua wadudu wote. Mimi ni mjamzito, nile?
Mama Kijacho, Tanga

JIBU: Marahaba mama. Kwenye afya mumeo yuko sawa kabisa, hakuna mafuta ya kukaangia hapo, gramu 100 za samaki zinakupa protini karibu gramu 20, kuna vitamini B12, iodini na seleniamu, halafu vitamini C ya ndimu na pilipili haiungui maana hakuna moto. Na Wapera wenyewe wanaila na kiazi kitamu cha kuchemsha na mahindi, kwa hiyo unashiba vizuri tu. Ule mchuzi mweupe unaobaki kwenye bakuli wanaunywa, wengine wanauapia kwamba unatoa hangova, hapo mimi simo 😄

Sasa kwenye ndimu ndo kapotea. Asidi inakaza nyama na kuifanya nyeupe mpaka unaona kama imeiva, lakini minyoo kama anisakis inabaki hai na bakteria wengi pia, na pilipili hata iwashe vipi haisaidii kitu. Kipindupindu kilipoingia Peru 1991 seviche ilinyooshewa kidole, wavuvi wakakosa wateja, mpaka Rais Fujimori akala samaki mbichi mbele ya kamera kuwatetea, siasa hizo!

Akitaka kula yeye achukue samaki fresh wa baharini, amgandishe nyuzi 20 chini ya sifuri siku 7, hapo minyoo inakufa ila bakteria hapana, so barafu na usafi tangu sokoni ni lazima. Friza nyingi za nyumbani hazifiki huko, apime kwanza. Sato na sangara asijaribu.

Wewe mama mbichi usiguse, kuna bakteria anaitwa listeria, anaweza kumfikia mtoto tumboni. Chemsha vipande vyako mpaka vichambuke, vikipoa mwagia ndimu, kitunguu, kotimiri na pilipili yako, faida karibu zote unazipata humo humo.