Pachi yangu ya usafi imekataliwa, nimjibu nini msimamizi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Niko chuo mwaka wa 3, nimeanza kuchangia keneli ya Linux (kiini cha mfumo). Nilipitisha checkpatch.pl, skripti ya kukagua mtindo wa kodi, kwenye draiva moja ya mtandao ikatema maonyo kibao, nikapanga nafasi, nikakata mistari mirefu, nikatoa na zile if zinazouliza kama pointa ni NULL (tupu) kabla ya kfree, ile ya kuachia kumbukumbu, nikatuma yote kama pachi moja (faili la mabadiliko). Msimamizi kajibu mstari mmoja tu: "Hii inasaidia nini?" Imeniuma kwa kweli. Nimjibuje?

JIBU: Pole mdogo wangu, ila hajakutukana, anauliza kweli. Nadhani kwenye maelezo uliandika tu kwamba checkpatch imelalamika, na hiyo haitoshi, kazi kubwa ya ile skripti ni kukagua pachi mpya kabla hazijatumwa.

Angalia gharama yake. Kesho mtu anaziba bagi (kosa la programu) kwenye mistari uliyoipanga upya, na hiyo pachi inatakiwa irudishwe kwenye keneli za zamani ambazo bado zinatunzwa, sasa kule mistari iko vilevile kama zamani, pachi inagoma kuingia, mtu anakaa usiku kuipachika kwa mkono. Na anayetumia git blame, amri inayoonyesha nani aligusa mstari mara ya mwisho, kujua mstari uliandikwa kwa nini anakutana na jina lako na neno "usafi", basi. Ndiyo maana wasimamizi wa sehemu ya mtandao wameandika kabisa kwenye nyaraka za keneli kwamba usafi mdogo usioambatana na kazi nyingine hawaupendi, ingawa kusahihisha tahajia hawakatazi.

Zile if angalau zina hoja, kwa sababu kfree ikipewa NULL inarudi kimya bila kufanya kitu, kwa hiyo kuuliza kabla ni kazi bure. Lakini hilo ulitakiwa uliseme, kwenye pachi yake peke yake.

Chukua mfano wa strlcpy, ya kunakili maneno. Kuibadilisha kuwa strscpy kwa macho ni herufi moja tu, ila sababu ilikuwa nzito: strlcpy inasoma chanzo chote mpaka ikute sifuri ya kufunga maneno hata kama nafasi ya kunakili imeshajaa, maneno yasipofungwa inaenda kusoma kumbukumbu isiyo yake. Watu walibadilisha sehemu moja moja miaka kibao, mpaka strlcpy ikafutwa kabisa kwenye keneli 6.8, mwaka 2024. Hao hawakuulizwa inasaidia nini, jibu lilikuwa limeshaandikwa kwenye pachi.

Kwa hiyo mjibu leo, mshukuru, mwambie unaiondoa. Mazoezi ya mtindo yafanyie drivers/staging, folda ya draiva ambazo hazijakomaa, kule yanapokelewa vizuri. Na kama hiyo kadi ya mtandao unayo mezani, itumie mpaka ukute bagi ya kweli, kisha pachi ya bagi itangulie na usafi ufuate kwenye pachi nyingine, ili ile ya kwanza iweze kurudishwa nyuma peke yake.