Maswali Yenu: Mitumba na viwanda vya nguo

SWALI: Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba. Mbona marobota bado yanashushwa? Na yangezuiwa, viwanda vingefufuka? – Fundi cherehani, Morogoro

JIBU: Ndugu fundi, wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, ikatishia kutuondoa kwenye AGOA, mpango wa kuuza kule bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ilishikilia ushuru wake wa mitumba, uliopanda kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha wa ushuru wa AGOA.

Kuhusu viwanda, zuio peke yake halitoshi, kwani nafasi ya mitumba ingejazwa na nguo mpya za bei nafuu kutoka China. Tatizo kubwa liko katikati ya safari ya pamba. Tunalima, tunachambua, kisha sehemu kubwa tunaiuza nje kabla ya kuisokota. Pamba huuzwa kwa miezi michache tu, hivyo kiwanda lazima kinunue akiba ya mwaka mzima kwa mkupuo, na riba ya mkopo inaanza kuhesabika kabla nyuzi ya kwanza haijatoka. Umeme ukikatika, nyuzi hukatika kwenye mashine, na kuziunga upya hula muda na malighafi.

Tungeanza na mikopo ya msimu yenye riba ndogo na umeme wa uhakika, halafu ushuru wa mitumba upandishwe kidogo kidogo. Sare za shule na za majeshi zishonwe kwa kitambaa cha hapa: hilo ni soko la uhakika.