Kwa wewe unayekwenda kudadisi kaya: usiliharakishe swali la watoto waliofariki

Juzi binti mmoja wa Sikonge ameniandikia: "Dada, nimepata nafasi ya udadisi kwenye utafiti wa kaya, mafunzo yanaanza wiki ijayo. Nipe siri za kazi nisije nikarudishwa nyumbani." Nilimjibu kwa kifupi, lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Wengi mnaonisoma mko njia hiyo hiyo. Mmemaliza chuo, mnasubiri tangazo, mnatamani kishikwambi mkononi na posho ya siku. Nami nilikuwa hivyo. Siri ninayoijua ni moja tu, na niliipata kwa aibu.

Mwaka wangu wa kwanza tulipangiwa vijiji vya wakulima wa tumbaku hapa Tabora. Kijiji sikitaji, maana tulikula kiapo cha kutunza siri na Sheria ya Takwimu inatubana. Ulikuwa msimu wa mavuno. Akina mama wanatoka alfajiri kwenda kuchuma majani, wakirudi wanayafunga kwenye fito na kuyapanga ndani ya bani, banda la kukaushia tumbaku, yakaukie kwa joto la moto. Kumpata mama ametulia saa nzima ni bahati. Na kanuni haina mjadala: kaya iliyochaguliwa ni hiyo hiyo. Hukumkuta mtu, unarudi, kisha unarudi tena. Huendi kwa jirani eti kwa kuwa jirani yupo.

Mama mmoja nilimwahi kabla hajatoka. "Mwangaluka, mama. Shikamoo." Akafurahi kusikia Kinyamwezi changu cha kuungaunga, akanipa kigoda. Tukaenda vizuri hadi historia ya uzazi.

Sehemu hiyo ina mpangilio wake. Unauliza wana wanaoishi naye, mabinti wanaoishi naye, kisha wanaoishi kwingine. Halafu unauliza kama aliwahi kuzaa mtoto aliyezaliwa hai akafariki baadaye. Akijibu hapana, husogei. Unamwuliza tena kwa upole: hata mtoto aliyelia tu, au aliyeonyesha dalili ya uhai akaishi saa chache? Na baadaye, kwa kila watoto wawili wanaofuatana, unauliza kama katikati yao hakuzaliwa mwingine.

Siku ile kaya tatu zilikuwa zinanisubiri. Nikamwambia, "Na waliofariki hakuna, eeh mama?" Nilimwekea jibu mdomoni, naye kwa heshima akalipokea. Hakuna. Nikabonyeza hapana, nikaendelea.

Jioni msimamizi alipitia kazi yangu. Watoto wote walipishana miaka miwili miwili, isipokuwa wa tatu na wa nne waliopishana sita. Akaniuliza, "Hapa katikati ulimwuliza?" Nikasema ndiyo. Nilidanganya, na alijua. Mbele ya timu nzima, na dereva akisikiliza, akasema watu kama mimi ndio wanaoifanya nchi ipange mambo kwa uongo. Kunirudisha kijijini ilikuwa haki yake. Kunivua nguo mbele za watu haikuwa haki yake, na mpaka leo linaniuma.

Kesho yake nilimkuta yule mama karibu na bani, anafunga majani. Nikamwomba radhi kwamba jana niliharakisha. Nikakaa chini, nikauliza kama lilivyoandikwa: kati ya huyu na huyu, hakuzaliwa mwingine? Mikono yake ikaendelea kufunga. Nikanyamaza. Nilitamani kusema chochote, kujaza kile kimya, nikajizuia.

"Walikuwepo wawili," akasema. Mmoja alichukuliwa na homa, alikuwa ameshaanza kutambaa. Mwingine alilia usiku mmoja tu, hawakuwahi hata kumpa jina. Kisha akaniuliza, "Na huyo asiye na jina, mwanangu, utamwandikaje?" Nikamwambia asiye na jina tunamwandika "Mtoto". Akafikiri kidogo. "Haya, mwandike."

Nilimwandika.

Sasa nieleweni kwa nini nashikilia jambo hili. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022, uliosimamiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu na mwenzake wa Zanzibar, ulichagua maeneo 629 nchi nzima, kila eneo kaya 26. Wanawake 15,254 walihojiwa. Kutoka kwao ndiko tunakojua kwamba mwanamke wa Tanzania sasa anazaa wastani wa watoto 4.8, kutoka 5.2 katika utafiti wa 2015-16, na kwamba vijijini ni 5.5 na mijini 3.6. Ndiko tunakojua pia kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, vilivyokuwa 112 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika utafiti wa 2004-05, vilishuka hadi 67, kisha 43. Vijijini kwetu mtoto akifariki nyumbani, mara nyingi hakuna daftari linaloandikwa. Takwimu hiyo inatoka kinywani mwa mama, mbele yako wewe. Wadadisi wakiharakisha, vifo vitashuka kwenye karatasi na hakuna mtoto hata mmoja aliyeokolewa. Na utafiti kama huu huja kila baada ya miaka kadhaa. Ukiuharibu, kosa lako linakaa miaka yote hiyo.

Kwa hiyo uliza polepole, kisha nyamaza. Najua mbinu zinazonong'onwa kambini. Mama wa miaka 48 anafanywa 50 ili asihojiwe kabisa, kwa kuwa wanaohojiwa ni wa miaka 15 hadi 49. Mtoto mdogo anaongezewa mwaka ili maswali marefu ya chanjo na kunyonyesha yarukwe. Usifanye hivyo. Ni wizi, na unayemwibia ni mwanamke aliyeacha tumbaku yake akakupa kigoda.

Kuhusu faragha nitasema machache: mama mkwe akikaa pembeni, usifungue maswali ya uzazi wa mpango. Kuna mwanamke mwenye vijiti mkononi ambaye nyumba nzima haijui. Omba mkae chini ya mwembe, wawili tu, na akija mtu badilisha mazungumzo.

Awamu iliyofuata sikuitwa. Nilikaa nyumbani nikiona wenzangu wanapanda magari. Baadaye niliitwa tena, na mwisho nikawa msimamizi mwenyewe. Nasema kwa fahari kwamba kwenye timu yangu hakuna mdadisi niliyemsema mbele ya wenzake. Aliyekosea nilimchukua pembeni, tukafungua historia ya uzazi, nikamwuliza alinyamaza kwa muda gani baada ya lile swali.

Binti wa Sikonge, uliniomba siri nyingi, nami nimekupa hii moja nikiirudia. Uliza polepole, nyamaza. Siku mtakayofundishwa historia ya uzazi kaa viti vya mbele, na mkifanya majaribio ya kuhojiana, omba ucheze nafasi ya mama. Jioni yake niandikie.