Jumatatu ya cron si ya tatu: kupanga skripti kwa siku za wiki

Swali: Habari za kazi. Nina seva ya kukodi ya Ubuntu inayotunza kanzidata ya chama chetu cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Nataka skripti ya nakala rudufu ifanye kazi kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa mbili na nusu usiku. Nyingine itume ripoti kwa bodi Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye crontab (orodha ya kazi za cron, programu ya Linux inayoanzisha kazi kwa ratiba) nimeandika hivi:

`30 2 * * 3,5,7 /home/akiba/nakala.sh`
`0 6 1-7 * mon /home/akiba/ripoti.sh`

Nakala zinatoka Jumatano, Ijumaa na Jumapili, tena saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ripoti nayo, mwezi uliopita bodi wameipokea mara kumi. Seva ni mbovu, au nimekosea mimi?

Jibu: Nzuri, ndugu. Seva ni nzima, na cron imefuata ulichoandika bila kupunguza wala kuongeza. Makosa yako ni manne, na matatu kati ya hayo yapo kwenye mstari wa kwanza.

La kwanza ni siku. Kwa Kiswahili wiki inaanza Jumamosi, ndiyo maana Jumatatu ni ya tatu, Jumatano ya tano na Ijumaa ya saba. Cron inaanza na Jumapili, na inaiita 0. Jumatatu ni 1, Jumanne 2, Jumatano 3, Alhamisi 4, Ijumaa 5, Jumamosi 6. Namba 7 inakubalika, lakini ni Jumapili ileile ya 0. Kwa hiyo 3,5,7 yako imesomwa Jumatano, Ijumaa, Jumapili. Kanuni ya haraka: kwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, toa mbili kwenye namba iliyomo ndani ya jina. Siku ulizotaka ni `1,3,5`.

La pili ni saa. Cron inahesabu kuanzia 0 hadi 23, na sifuri ni saa sita usiku. Kwa saa za mchana ongeza 6, kwa saa za usiku ongeza 18, na jumla ikifika 24 au kupita, toa 24. Saa mbili usiku ni 2 na 18, yaani 20. Saa nane usiku ni 26, toa 24, inabaki 2. Angalia saa kumi na mbili: ya asubuhi inafunga usiku, kwa hiyo hesabu yake ni ya usiku (30 toa 24, ni 6), na ya jioni inafunga mchana (18).

Sasa utauliza: mbona 2 haikutoka saa nane usiku, ikatoka alfajiri? Hilo ndilo kosa la tatu. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa kwenye UTC (saa ya kimataifa), na Afrika Mashariki iko mbele ya UTC kwa saa tatu. Saa 2:30 ya UTC ni 5:30 ya Morogoro. Tazama kwa `timedatectl`, kisha rekebisha:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`
`sudo systemctl restart cron`

Usiruke amri ya pili. Cron inayoendelea kufanya kazi inaweza kubaki na majira (ukanda wa saa) ya zamani hadi iwashwe upya. Ukiona mahali wanashauri kuweka `CRON_TZ` (mstari wa kuchagua majira) juu ya crontab, huo ni ushauri wa Linux za familia ya Red Hat. Cron ya kawaida ya Ubuntu na Debian haipangi saa kwa kuifuata.

Kama seva si yako peke yako na lazima ibaki UTC, toa 3 kwenye kila saa: 20:30 yako uandike 17:30. Ila kuna mtego. Kazi yoyote iliyo kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku, siku ya UTC bado ni ya jana. Ukitaka saa saba usiku wa kuamkia Jumanne, kwa UTC hiyo ni 22:00 ya Jumatatu, kwa hiyo namba ya siku nayo inarudi nyuma: `0 22 * * 1`. Afadhali UTC, maana tofauti haibadiliki. Seva iliyowekwa majira ya Berlin hutofautiana nasi kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto.

Kosa la nne ndilo lililowachosha bodi. Nafasi tano za crontab ni dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya wiki. Kwa kawaida zote lazima zikubaliane ndipo kazi ianze. Lakini ukibana tarehe na siku ya wiki kwa pamoja, cron inaanza kazi mojawapo ikitimia. Mstari wako haukusema "Jumatatu iliyo kati ya tarehe 1 na 7". Umesema "kila tarehe 1 hadi 7, na pia kila Jumatatu". Siku saba, jumlisha Jumatatu tatu au nne zilizobaki: ni mara 10 au 11 kwa mwezi. Dawa ni kuiachia cron tarehe, na siku iulizwe ndani ya amri:

`0 6 1-7 * * [ "$(date +\%u)" -eq 1 ] && /home/akiba/ripoti.sh`

Ona hiyo `\` kabla ya `%`. Ndani ya crontab, `%` tupu inageuzwa kuwa mwisho wa mstari, na kilichobaki kinapelekwa kwa amri kama maandishi ya kusoma. Amri yako inakatwa katikati. Ndani ya skripti yenyewe `%` haina shida, kwa hiyo jina la faili lenye tarehe litengenezwe humo.

Siku moja bodi wakitaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi, uliza kama siku saba mbele ni mwezi mwingine:

`0 18 * * 5 [ "$(date -d '+7 days' +\%d)" -le 7 ] && /home/akiba/ripoti.sh`

Mstari wa nakala, ukishabadili majira, uwe hivi:

`30 20 * * 1,3,5 flock -n /tmp/nakala.lock /home/akiba/nakala.sh >> /home/akiba/nakala.log 2>&1`

`flock -n` inazuia nakala mpya kuanza kama ya awali imekwama. `2>&1` ikae baada ya `>>`; ukiitanguliza, makosa hayaingii kwenye logi. Seva isiyo na programu ya barua pepe hutupa matokeo yasiyoelekezwa popote, na kwenye logi ya mfumo utaona `No MTA installed, discarding output`. Kuona kazi zilizoanza: `journalctl -u cron`. Mstari wenye `CMD` unathibitisha kwamba kazi ilianza tu. Kama ilifaulu, nakala.log ndiyo itakuambia.

Skripti ikikubali kwa mkono na kugoma kwenye cron, shuku PATH, yaani orodha ya folda ambamo amri hutafutwa. Kwa cron ya mtumiaji ni `/usr/bin:/bin` basi, kwa hiyo programu iliyoko `/usr/local/bin` iite kwa njia yake kamili. Ijaribu katika ufukara uleule:

`env -i HOME=/home/akiba PATH=/usr/bin:/bin /bin/sh -c /home/akiba/nakala.sh`

Ukipata `bad interpreter` yenye `^M`, faili liliandikwa kwenye Windows. Lisafishe kwa `sed -i 's/\r$//' nakala.sh`. Ukipata `Permission denied`, fanya `chmod +x`. Na unapofungua crontab kwa `crontab -e`, tazama kidole: `-r` iko jirani yake kwenye kibodi, nayo hufuta crontab nzima bila kuuliza. Fanya kwanza `crontab -l > crontab.bak`.

Mashine ikiwa ya ofisini, ambako umeme hukatika, cron haifai kwa nakala hizi: saa 20:30 ikipita mashine imezimwa, zamu hiyo imepotea. Tumia taima ya systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) yenye `OnCalendar=Mon,Wed,Fri 20:30` na `Persistent=true`; ikiwashwa tena inafidia zamu iliyopita. Huko tarehe na siku vinalazimika kukubaliana, kwa hiyo Jumatatu ya kwanza ni `Mon *-*-01..07 06:00`. Kabla ya kuiwasha, mpe systemd aisome mwenyewe:

`systemd-analyze calendar "Mon *-*-01..07 06:00"`

Atakutajia tarehe na saa ya zamu inayofuata, kwa majira ya seva na kwa UTC.