Nini kilishinda tuzo: riwaya, vita au Nigeria?

SWALI: Naandika utambulisho wa Half of a Yellow Sun ya Chimamanda Ngozi Adichie. Nimeanza hivi: "Riwaya ya kihistoria ya wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Nigeria iliyoshinda tuzo." Mhariri ameirudisha bila maelezo. Kosa liko wapi?

JIBU: Anzia mwisho. "Iliyoshinda" ni nini? Riwaya huchukua i-, Nigeria pia, na vita nayo umeipa "ya". Majina matatu yanagombea kitenzi kimoja, na msomaji hushika lililo karibu: Nigeria!

Vita ni neno la ngeli ya KI-VI, ingawa umoja wake hautumiki: vita vilianza, vita hivyo, vita viwili. Mdomoni "vita ya" imezoeleka, na Vita Kuu ya Pili ya Dunia ni jina lililokwisha kuganda. Kwenye maandishi rasmi shika "vya". Kibaya zaidi ni kuchanganya: "vita vya Biafra ilianza" (Biafra ndilo eneo lililojitenga na Nigeria, na vita ni hivyohivyo).

Lakini "vya" inamwondoa mgombea mmoja tu. Sogeza "iliyoshinda tuzo" ikae ubavuni mwa riwaya. Hapo napo kuna mtego: ukiandika "iliyoshinda tuzo kuhusu vita", tuzo ndiyo inayohusu vita. Tenganisha kwa mkato, kisha weka kitenzi.

"Ya wakati wa vita" nayo inapotosha, maana inasomeka kama riwaya iliyoandikwa risasi zikilia. Vita vile vilianza Julai 1967 na kwisha Januari 1970. Adichie alizaliwa 1977, kitabu kikatoka 2006. Sema "inasimulia".

"Kihistoria" iache, ndilo jina la utanzu. Tuzo itaje, "tuzo" tupu ni lugha ya matangazo. Basi:

"Riwaya hii ya kihistoria, iliyoshinda Tuzo ya Orange mwaka 2007, inasimulia vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyopiganwa Nigeria kati ya 1967 na 1970."

Ukitaka kumfasiria msomaji anwani, andika "Nusu ya Jua la Manjano", si "Nusu Jua". Nusu isiyo na "ya" ni kipimo, kama nusu kilo au nusu saa. Hapa ni sehemu ya kitu mahususi: jua lililochorwa likichomoza, nusu yake tu ikionekana, kwenye bendera ya Biafra.