Kifaduro: kwa nini mkunga wa London anataka uchanjwe tena

Dada, umeuliza kwa nini mkunga huko London anataka kukuchanja dhidi ya kifaduro (kikohozi kikali cha kuambukiza) ukiwa mjamzito, ilhali ulichanjwa utotoni Tanga na kadi ya kliniki mama anayo. Jibu fupi: kinga ya utotoni imeshapungua. Ya kifaduro haidumu maisha yote, hata kwa aliyewahi kuugua. Ndiyo maana "wengine wamechanjwa, inatosha" haifanyi kazi hapa kama kwenye surua. Mtu mzima anakohoa wiki kadhaa akidhani ni mafua tu, kumbe anakiambukiza kichanga.

Na kichanga ndiye anayekufa. Wengi hawatoi hata ule mlio wa kuvuta pumzi baada ya kukohoa, unaotambulisha kifaduro; wanaacha kupumua ghafla, midomo inageuka buluu. Uingereza chanjo yao ya kwanza ni wiki ya 8 (kwetu ya 6), kwa hiyo kabla ya hapo hawana kitu isipokuwa kingamwili (chembe za mwili za kupambana na vijidudu) wanazopata kwa mama kupitia kondo la nyuma. Mpango wa Uingereza wa kuchanja wajawazito ulianza Oktoba 2012, wakati wa mlipuko ulioua vichanga 14 mwaka huo. Mwaka 2024 kifaduro kilirudi huko kwa kishindo.

Hoja hii si ngeni kwetu: wajawazito huchomwa ya pepopunda kliniki kwa sababu hiyohiyo.

Wanashauri uchomwe kati ya wiki ya 16 na 32, ili mwili upate muda wa kutengeneza kingamwili. Mimi ningechoma. Na huyo mtoto akizaliwa, mwenye kikohozi asimbebe, hata kama ni bibi yake.