Skana ya zamani ya negativu kwenye Windows 11

Waalaykumu salaam ndugu yangu wa Mkoani. Umesema skana yako ya filamu, Nikon Coolscan V, inawaka, ila Windows 11 haiitambui na programu ya Nikon Scan inagoma. Skana ni nzima, usiitupe. Draiva yake, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na skana, iliandikwa kwa Windows ya biti 32. Yako ni ya biti 64, haiipokei abadani.

Pakua VueScan, programu nyingine ya kuskania, na ukiulizwa kuhusu draiva wakati wa kuiweka, kubali. Kisha washa skana, subiri taa ya mbele iache kumetameta, ndipo uchomeke waya wa USB moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia habu (kigawanyio cha USB). Jaribu kabla hujalipa: toleo la majaribio hupiga alama za dola juu ya picha. Kwa filamu utahitaji toleo la Professional.

Weka dpi (nukta kwa kila inchi) 4000. Usafishaji wa vumbi kwa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ni mzuri sana kwa filamu za rangi, lakini kwa nyeusi na nyeupe uzime: fedha iliyomo huzuia mwanga huo, na programu huidhania picha yenyewe kuwa uchafu.

Negativu zilizojikunja zilaze siku mbili tatu baina ya karatasi safi, chini ya kitabu kizito, la sivyo zitakwama mdomoni mwa skana.